Miguu inayonuka: namna ya kutumia mafuta ya karafuu, mchaichai na mengineyo bila kujiunguza

Kwetu viatu huvuliwa mlangoni: msikitini, kwenye sebule yenye zulia, kwa mama mkwe, kwa jirani aliyetandika mkeka. Hapo ndipo mwenye tatizo hubaki kibarazani akijifanya anaongea na simu. Dawa anazoambiwa ni nyingi, na siku hizi inayovuma zaidi ni chupa ndogo ya mafuta makali ya mimea: karafuu, mchaichai, mkaratusi, mnanaa, tii trii. Je, yanasaidia? Yanasaidia, kwa sharti moja ambalo wauzaji hulisahau: yakute ngozi kavu na kiatu kikavu. Mafuta hayaoshi wala hayakaushi. Ukiyapaka juu ya jasho kisha ukavaa raba ileile ya jana, utanuka miguu na utanuka karafuu, vyote kwa pamoja.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu taulo na kiatu. Chupa itafika zamu yake.

Kwanza, ujue kinachonuka

Jasho la miguu likitoka halina harufu ya maana. Unyayo umejaa tezi za jasho kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni tezi 250,000 kwa miguu yote miwili. Jasho hilo likikosa pa kukaukia, ngozi ya juu hulowa na kulainika, na bakteria wanaoishi hapo siku zote hupata karamu. Wanakula ngozi iliyokufa na vilivyomo ndani ya jasho, kisha wanaacha tindikali na gesi zenye uvundo. Mmoja wao, Staphylococcus epidermidis, huvunja kiini cha protini kiitwacho lusini na kutoa tindikali ya isovaleriki. Hiyo ndiyo harufu ya soksi iliyosahaulika ndani ya begi la mpira.

Kundi jingine ni Brevibacterium. Ndugu zao hutumika kutengeneza jibini la Limburger, lile la Ulaya linalonuka kama miguu. Kwa hiyo ufanano huo una sababu. Mwaka 1996 mtafiti Mholanzi Bart Knols na mwenzake waliandika kwamba mbu wa malaria, Anopheles gambiae, huvutwa na jibini hilo. Miaka 15 baadaye, mwaka 2011, watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara hapa Tanzania, akiwemo Fredros Okumu, walikuwa wakitengeneza mitego ya mbu yenye harufu iliyoigwa kutoka kwenye miguu ya binadamu. Kwa hiyo kama mbu wanakuandama vifundoni kila jioni, si lazima iwe bahati mbaya.

Kwa msomaji anayetaka dawa, muhimu hapa ni mambo mawili. Bakteria hawa wanataka unyevu, na wanataka ngozi iliyokufa. Wanyime vyote viwili, na mafuta machache yatatosha. Usipowanyima, hata chupa nzima haitatosha.

Hatua ya 1: Kagua miguu kabla ya kununua chochote

Kaa penye mwanga, tanua vidole kimoja kimoja. Angalia hasa kati ya kidole kidogo na anayemfuata, maana hapo ndipo hewa haipiti. Ukiona ngozi nyeupe iliyolowa, inayobanduka na kuwasha, hiyo ni fangasi. Ukiona unyayo una vishimo vidogo vidogo, hasa kisiginoni na chini ya vidole, kama uliochomwachomwa kwa sindano, na harufu yake ni kali kupita kiasi, hao ni bakteria waliokwisha kuitoboa ngozi ya juu; wanahitaji dawa ya kupaka ya antibayotiki kutoka kwa daktari. Ukiona kidonda, usaha, wekundu unaopanda au uvimbe, acha kusoma hapa uende kituo cha afya.

Na kama una kisukari, usijitibu miguu kwa mafuta haya wala kwa kuloweka. Kisukari hupunguza hisia za miguu. Mtu anaungua asijue, na kijeraha kidogo kinageuka kidonda kisichopona. Osha kwa maji ya kawaida, kausha vizuri, na mengine muulize anayekuhudumia kliniki.

Miguu isiyo na matatizo hayo, yenye harufu tu na pengine magaga, ndiyo inayohusika na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Osha, sugua, kisha ukaushe kama unakausha mtoto

Sabuni ya kawaida inatosha. Pitisha kidole katikati ya kila vidole viwili, usiache povu lijiteremkie lenyewe huku unaoga kichwa. Mara mbili kwa wiki sugua visigino kwa jiwe la kusugulia miguu, taratibu, ngozi ikiwa imelainika kwa maji. Magaga ni akiba ya chakula cha bakteria. Lakini usiyakate kwa wembe, hata kama shangazi yako amefanya hivyo miaka yote.

Halafu kausha. Hapa ndipo wengi tunapoanguka, na ajabu ni kwamba hata wasafi wa kupindukia wanaanguka. Anayetawadha mara tano kwa siku anaosha miguu kuliko daktari wa upasuaji anavyoosha mikono. Ila akitoka kwenye kata anavaa soksi miguu ingali mibichi, anafunga kamba za viatu, anarudi ofisini. Ametia maji ndani ya kiatu mara kadhaa kabla ya jua kuzama. Dawa yake ni kitambaa kidogo cha pamba mfukoni au kwenye droo ya meza, cha miguu peke yake. Futa nyayo, kisha ingiza ncha ya kitambaa kati ya vidole, kimoja baada ya kingine. Dakika moja haiishi.

Anayetaka kuloweka aloweke katika siki: sehemu moja ya siki nyeupe ya mezani kwa sehemu mbili za maji ya vuguvugu, dakika 15, mara mbili au tatu kwa wiki. Bakteria hawa hawapendi uchachu. Njia nyingine ni chai ya rangi iliyokolea sana, iliyopoa na bila sukari. Ukakasi wake hukaza ngozi na kupunguza jasho kwa muda. Usiloweke siki kama miguu ina mipasuko, utaruka.

Nisiisahau shabu. Kipande cha shabu kiloweshwe kidogo, kipitishwe kwenye unyayo safi, kisha uache ukauke. Wazee wa pwani wameitumia kwapani tangu hapo, na hakuna sababu miguu inyimwe. Ni rahisi, haina harufu, na kwa watu wengi inafanya kazi nzuri kuliko nusu ya chupa zitakazotajwa hapa chini.

Hatua ya 3: Chagua mafuta, na uhakikishe ni yenyewe

Mafuta tunayozungumzia hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye mmea: mvuke unabeba mafuta, unapozwa, mafuta yanajitenga na maji. Huko Wawi, karibu na Chake Chake kisiwani Pemba, kipo kiwanda cha Makonyo kinachofanya hivyo kwa vikonyo vya karafuu, vile vinavyobaki baada ya karafuu zenyewe kuchambuliwa. Chupa ndogo ya mafuta ya namna hiyo ni zao la mzigo mkubwa wa mmea. Ndiyo maana ni makali, na ndiyo maana hayapakwi yakiwa matupu.

Sokoni kuna kitu kingine chenye jina hilohilo: karafuu zilizolowekwa ndani ya mafuta ya nazi. Ni kitu kizuri kwa kukanda mgongo, lakini ni chepesi sana kwa kazi yetu, na hesabu ya matone nitakayoitoa haiyahusu. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Tia tone moja katika glasi ya maji. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Ya nazi yanaelea. Kipimo hiki ni cha karafuu. Mchaichai, mkaratusi na tii trii huelea hata yakiwa safi kabisa, na hayo yapime kwa karatasi nyeupe: tone la mafuta ya mvuke hupotea karibu lote kwa siku moja, ilhali mafuta ya kupikia huacha doa la maandazi. Angalia pia chupa. Iwe ya kioo cheusi au kahawia, na iandikwe jina la kitaalamu la mmea. Mafuta haya hula baadhi ya plastiki, kwa hiyo muuzaji anayekupimia kwenye kichupa laini cha plastiki hajui anachouza, au anajua sana.

Sasa, yapi?

Tii trii hutoka kwenye majani ya mti wa Australia, Melaleuca alternifolia, ambao hauhusiani na chai ya Njombe wala Kericho. Haya ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko wenzake, ingawa ushahidi wenyewe ni wa fangasi zaidi kuliko harufu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 huko Australia, watu wenye fangasi za miguu walipaka mchanganyiko wenye tii trii asilimia 25 au 50 kwa wiki nne. Waliopata nafuu walikuwa wengi kuliko waliopaka dawa bandia. Wachache kati yao walipata upele mkali ikabidi waache. Kwa harufu peke yake huhitaji ukali huo. Asilimia 2 hadi 5 inatosha kuanzia.

Karafuu ndiyo yetu. Sehemu yake kubwa ni eujeno, kitu kilekile kinachotia ganzi jino linalouma, na ambacho bakteria na fangasi hawakipendi kabisa. Uzuri huo una upande wa pili: eujeno huunguza ngozi na huiletea mzio, na kwa kuwa inatia ganzi, unaweza usisikie mapema kwamba unaungua. Kwa ngozi, usipite nusu asilimia. Watu wa viungo vya pwani huona kiwango hiki ni kidogo mno, wanaongeza. Wasiongeze.

Mchaichai una sitrali, yenye harufu ya limau, na ndiyo mafuta ninayoyapenda kuliko yote kwa kazi hii kwa sababu hata mtu asiyejua umepaka nini atadhani umetoka kuoga. Nayo ni makali kwa ngozi; yabaki chini ya asilimia 0.7.

Mkaratusi na mnanaa hupoza na kuleta hisia ya usafi. Nguvu yao dhidi ya harufu ni ya wastani. Nayachukulia kama wasaidizi. Lavenda ni ya upole, ni ya gharama, na kwa miguu naona ni anasa.

Ya kuacha: mafuta ya magome ya mdalasini, yanaunguza. Mafuta ya malimau na ndimu yaliyokamuliwa kutoka kwenye maganda nayo yaache, pamoja na ule mtindo wa kusugua miguu kwa kipande cha ndimu kisha kutoka na makubazi: maji ya ndimu yakikutana na jua kali juu ya ngozi huleta malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Mwarobaini una sifa zake, lakini mafuta ya mbegu zake yananuka vibaya yenyewe, sasa tutakuwa tumefanya nini?

Hatua ya 4: Changanya

Chukua vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya nazi, ufuta au alizeti. Hiyo ni karibu mililita 30. Tone moja la kitoneshi cha kawaida ni kama sehemu ya ishirini ya mililita. Kwa kipimo hicho, chagua mchanganyiko mmoja:

- Tii trii matone 12, peke yake. Hii ni asilimia 2, na ndiyo ninayomshauri anayeanza.
- Tii trii matone 10 na mchaichai matone 3.
- Karafuu matone 3 na mkaratusi matone 6. Huu ni wa aliyeko Unguja au Pemba, ambako kupata tii trii ni safari na karafuu iko dukani.

Weka ndani ya chupa ya kioo, tikisa, andika tarehe. Tengeneza kidogo kidogo. Mafuta haya yakipata hewa na joto hubadilika, na tii trii iliyozeeka ndiyo inayoleta mzio zaidi kuliko mpya. Chupa uliyoifungua, itumie ndani ya miezi 6 hadi 12, na isikae dirishani.

Kabla ya kugusa mguu, paka mchanganyiko wako kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, uache saa 24 hadi 48. Ikiwasha, ikawa nyekundu au ikatoa upele, hiyo si yako. Jaribu mmea mwingine au rudi kwenye shabu.

Kosa linaloenea sana mitandaoni ni kudondosha mafuta haya moja kwa moja kwenye beseni la maji ya moto. Mafuta na maji hayachanganyiki. Matone yanaelea juu yakiwa na ukali wake wote, na ngozi ya kwanza kuingia inayachukua yote. Karafuu nayo inazama na kukusubiri kisiginoni. Kutia chumvi hakusaidii, maana chumvi haishiki mafuta. Ukitaka beseni la kunukia, koroga kwanza matone 4 ndani ya kijiko cha sabuni ya maji, ndipo umimine kwenye lita 4 za maji ya vuguvugu.

Hatua ya 5: Paka usiku, poda asubuhi

Mchanganyiko wa mafuta ni wa usiku. Miguu ikishaoshwa na kukauka, chukua kiasi kisichozidi nusu kijiko cha chai kwa miguu yote miwili, sugua unyayo na kisigino, kati ya vidole pita kwa wepesi sana. Kaa nayo wazi, bila soksi. Kama nyumba ina sakafu ya marumaru, vaa ndala, usije ukateleza.

Asubuhi osha kwa haraka, kausha, usipake mafuta tena. Mafuta ndani ya kiatu kilichofungwa huzuia jasho kukauka, na tumerudi tulikotoka. Mchana ni wa poda. Changanya vijiko vinne vya mezani vya wanga wa mahindi na kijiko kimoja cha soda ya kuokea, ile bikaboneti ya sodiamu. Usiibadilishe na magadi ya kupikia maharage, ni makali mno. Dondosha tii trii matone 6, ponda madonge yote kwa uma, chekecha, funga ndani ya mtungi wa kioo hadi kesho yake. Nyunyiza kidogo kwenye unyayo na ndani ya kiatu. Kidogo ni kile ambacho hakitoki kama vumbi la chaki ukitembea. Mwenye fangasi kati ya vidole asitie wanga hapo, atumie poda ya dawa ya duka la dawa.

Anayetokwa na jasho jingi hata akiwa amekaa kwenye kiyoyozi ana njia nyingine yenye nguvu zaidi: dawa ya kuzuia jasho yenye kloridi ya alumini, ileile ya kwapa, ikipakwa kwenye unyayo mkavu usiku. Haina mahaba ya karafuu lakini inakwenda kwenye chanzo.

Fanya hivi kila siku kwa wiki mbili. Harufu ikishuka, mafuta yarudi hadi mara mbili au tatu kwa wiki. Kupaka kila siku mwaka mzima ni kujitafutia mzio.

Hatua ya 6: Kiatu, ambako harufu imejificha

Unaweza kuwa na miguu safi kuliko ya malaika na bado ukanuka, kwa sababu kiatu kinakurudishia ulichokipa jana. Kiatu kilicholowa jasho siku nzima hakikauki kwa usiku mmoja. Kinataka saa 24 au zaidi. Kwa hiyo ununuzi wa kwanza wa mwenye tatizo hili ungekuwa jozi ya pili ya viatu, hata ya mtumba, ili zipokezane. Ni gharama, najua. Kwa mlinzi anayesimama na buti saa 12, dereva wa bodaboda wakati wa masika, au mwanafunzi wa bweni mwenye jozi moja ya viatu vyeusi, hilo si jambo la kutamka tu. Basi awe na soli mbili za ndani, zile unazokanyaga, akizibadilisha kila siku. Mafundi viatu wengi huzikata kwa bei ndogo.

Kila jioni:

Legeza kamba, vuta ulimi wa kiatu juu, toa soli ya ndani uianike penye upepo. Jaza kiatu magazeti yaliyokunjwakunjwa, uyatoe asubuhi. Gambuti zipinduliwe juu ya vijiti viwili, zisiachwe zimesimama na unyevu umelala chini.

Mara mbili kwa wiki, kiatu kipate dawa yake. Chukua mililita 100 za spiriti ya kusafishia vidonda, ile ya asilimia 70 ya duka la dawa (ya bluu ya kuwashia jiko usiitumie), tia matone 20 ya tii trii au karafuu. Huku ndiko karafuu inakostahili kuachiwa nguvu zake, kwa kuwa kitambaa cha kiatu hakipati malengelenge. Tikisa, puliza ndani ya kiatu au pangusa kwa pamba, hasa kwenye ncha ya vidole, kisha uache usiku kucha wazi. Usivae kikiwa kibichi. Ngozi ya kung'aa ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana spiriti huondoa mng'ao. Na usifanye kazi hii jikoni: spiriti hushika moto.

Viatu vya mtumba vipate dozi mbili kabla ya kuvaliwa, soli ya ndani itupwe uweke mpya. Hujui mguu gani ulitangulia.

Wapo wanaofukiza viatu kwa udi. Mimi sina ugomvi na udi, ila kinachotokea ni kwamba saa mbili za kwanza unanuka harusi, na saa ya tatu jasho linafika, ndipo harufu mbili zinakutana na watu wanasogeza viti.

Soksi zigeuzwe ndani nje kabla ya kufuliwa, kwa sababu uchafu uko ndani. Maji ya moto kama kitambaa kinaruhusu, nusu kikombe cha siki kwenye maji ya mwisho, jua, kisha pasi. Joto la pasi linamaliza wale waliovumilia sabuni. Ubora wa soksi una maana: nailoni nyembamba za ofisini ni mbaya kuliko zote. Pamba ni nafuu kwa siku ya kawaida lakini ikilowa inabaki imelowa, kwa hiyo anayetoka jasho jingi abebe jozi ya pili abadilishe mchana. Soksi za michezo zinazopitisha jasho ni bora kwake.

Watoto, wajawazito na paka

Mafuta haya hayanywewi. Mkaratusi hasa: kiasi cha kijiko cha chai kinaweza kumletea mtoto degedege. Chupa ikae juu, imefungwa, mbali na chupa za dawa ya kikohozi, maana wakati wa usiku vichupa vyote vinafanana. Mtoto mdogo hahitaji kupakwa yoyote. Miguu ya mtoto inayonuka inataka sabuni, taulo na viatu vya wazi. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kutumia poda na dawa ya kiatu. Mjamzito na anayenyonyesha wabaki na siki na shabu hadi waongee na mkunga.

Mwenye paka anayelala miguuni ajue kwamba tii trii ni sumu kwa paka, na paka hulamba. Usiku huo afungiwe nje ya chumba.

Ikiwa wiki nne zimepita na hali ni ileile

Hapo tatizo pengine ni fangasi au vile vishimo vya bakteria, na mafuta yataendelea kukupotezea fedha. Kwa fangasi, duka la dawa lina krimu za terbinafini na klotrimazo. Ya kwanza mara nyingi humaliza kazi kwa wiki moja au mbili, ya pili huchukua hadi wiki nne, na kosa la kawaida ni kuacha siku muwasho unapoisha. Acha mafuta makali wakati wa dozi. Ukienda kwa daktari, mwambie umepaka nini na kwa muda gani, nenda na chupa yenyewe, na usipake chochote siku hiyo asubuhi, kwani karafuu huficha harufu ambayo yeye anataka kuisikia.